Mstari Mwekundu wa Wabwile

Agneta alifungua kufuli la karakana ya mumewe kwa mikono miwili, maana lilikuwa kufuli kubwa lililozoea mkono wa mwanamume. Akasogea kando ili Inspekta Nasike atangulie kuingia.

"Karibu, madam. Usijali vumbi. Tangu mchukue mwenyewe, hakuna mtu ameshika kitu hapa."

"Si mimi nilimchukua, Agneta. Mimi faili nimepewa juzi."

"Polisi ni polisi," Agneta akasema, lakini hakusema kwa ubaya. Tayari alikuwa anapangusa kiti kwa ncha ya leso ili mgeni apate pa kukaa.

Nasike hakukaa. Alizunguka karakana polepole, mikono nyuma. Ilikuwa karakana ndogo ya mabati nyuma ya soko la Bungoma, na katikati yake palisimama mashine ya kukereza chuma, kuukuu lakini iliyopakwa mafuta vizuri. Hapa ndipo Wabwile alipotengeneza shafti, mhimili wa chuma unaozungusha kinu cha unga cha mzee Nderitu kule Saboti. Shafti hiyo ilivunjika kinu kikisaga, kipande chake kikampiga msagaji, kijana aitwaye Ngige, kikamvunja mkono wa kulia. Nderitu akaandikisha kituoni kwamba fundi alimpa chuma dhaifu. Wabwile sasa alikuwa mahabusu mjini Kitale, na Jumatatu angesimamishwa mbele ya hakimu. Mkuu wa Nasike alitaka faili lifungwe siku hiyo hiyo, Ijumaa, jioni.

Agneta alijua hayo yote. Alijua pia lile lisiloandikwa kwenye faili: fundi akishaitwa mahakamani kwa ajili ya chuma kilichovunja mkono wa mtu, hakuna atakayemletea kazi tena, hata akishinda kesi.

"Hii ni nini?" Nasike aliinama juu ya shafti nyingine iliyolala kwenye meza, ikingoja mwenyewe. Kutoka ncha hadi ncha ilikuwa na mstari mwembamba, mwekundu, ulionyooka kama uzi wa mwashi.

"Hiyo ni tabia yake," Agneta akacheka kidogo. "Kila shafti lazima aipige mstari. Anavuta uzi kwanza, anaufuata akikwaruza na chuma kali, halafu anapaka rangi. Anasema ile mifereji miwili anakata ncha hii na ncha ile, ya kushika gurudumu, lazima iangaliane. Sasa mstari ndio unamwonyesha. Mafundi wenzake wanamcheka, ati Wabwile anapaka shafti lipstiki."

"Kila shafti?"

"Kila moja. Hata ya Nderitu. Mimi ndiye nilishika uzi upande ule mwingine."

Nasike akatupia jicho gari lake nje. Shafti ya Nderitu ilikuwa nyuma ya gari lake, vipande viwili vimefungwa kwenye gunia. Alikuwa ameutazama mstari wake mwekundu mara nyingi. Haukuwa umenyooka. Ulizunguka chuma chote kama mjusi anayepanda mti, ukafanya mizunguko miwili kabla ya kufika mahali pa kuvunjika.

"Unarudi nami Kitale?" akauliza.

"Kama kuna nafasi. Nilikuja jana kubadilisha nguo tu. Mzee wangu anangoja uji wake huko ndani." Agneta alionyesha chupa mbili za chai zilizosimama mlangoni, moja ya bluu na moja ya kijani. "Lakini nisaidie kitu kimoja kwanza. Hii leso nyingine ya kwenye beseni nimeifua asubuhi, nataka niikamue nianike."

Nasike akashika ncha moja ya leso, Agneta ncha nyingine. Ilikuwa leso nzito yenye pindo jekundu. Wakaanza kuzungusha, na leso haikukaza hata kidogo.

"Ai, madam! Mimi nazungusha huku na wewe unanifuata huko huko. Tutakamua mpaka Krismasi? Wewe simama tu, nishikie."

Nasike akasimama, akashika imara. Agneta akazungusha. Leso ikakaza, maji yakamwagika, na pindo jekundu likaanza kuzunguka nguo yote kama mjusi anayepanda mti.

"Ngoja," Nasike akasema. "Ifungue. Sasa zungusha upande ule mwingine."

"Maji si yametoka?"

"Zungusha tu, mama."

Agneta akazungusha kinyume. Pindo likazunguka tena, lakini sasa likalalia upande mwingine. Nasike alilitazama muda mrefu, mpaka Agneta akauliza kama ameona doa.

"Hakuna doa," Nasike akasema. "Leso yako ni safi sana. Anika twende."

*

Kitale, Agneta aliomba kushushwa karibu na hospitali. "Nina mtu hapa wa kuona kidogo," akasema, akashuka na chupa zake mbili. Nasike akaendelea hadi chuo cha ufundi, ambako mwalimu Wakiuru alikuwa anamaliza somo la asubuhi.

Wakiuru alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na chaki ilikuwa imemjaa hata kwenye nyusi. Alipoona gunia akasugua mikono.

"Inspekta! Ulisema shuleni ulikimbia hesabu. Leo imekufuata mpaka kazini."

"Nimekubali inikamate. Lakini nieleze kama mtu mzima, usinieleze kama mwanafunzi wako."

"Wanafunzi wangu ni watu wazima. Weka hapa."

Walivifungua vipande juu ya meza. Wakiuru hakuugusa mstari kwanza. Alitazama mahali pa kuvunjika, akapitisha kidole, akaguna. Kisha akachukua kipande kirefu cha chaki, akakishika ncha mbili, akakisokota. Chaki ikakatika tap!

"Ona ilivyokatika."

"Imekatika mshazari."

"Mshazari, kama kalamu ya mwanzi. Kitu kisicho na uvumilivu kikisokotwa hukatika hivyo, ghafla. Chuma kibaya cha kuokoteza kingekatika vivyo hivyo. Sasa ona hii yako. Imekatika bapa, kama muwa uliopigwa panga moja. Na kabla ya kukatika ilijisokota mara mbili nzima. Hii chuma ilikuwa na subira, Inspekta. Ilisema nihurumie, nihurumie, mpaka ikashindwa."

"Kwa hivyo ni chuma nzuri."

"Ni chuma nzuri."

Nasike hakufurahi upesi. "Chuma inaweza kuwa nzuri na bado ikawa nyembamba. Nderitu anasema fundi alimkatia nyembamba kuliko injini yake. Hapo unaniambia nini?"

"Hapo ndipo hesabu inaingia. Injini ni ya nguvu gani?"

"Nguvu za farasi kumi na mbili. Shafti inazunguka mara elfu moja kwa dakika. Urefu mita mbili. Unene, faili linasema milimita ishirini na tano."

Wakiuru alifuta ubao. "Sikiliza. Injini inashika ncha hii na kuizungusha. Kinu kiko ncha ile, kinakataa, kwa sababu kinasaga. Shafti iko katikati, kama mtoto anayevutwa na wazazi wawili. Hata ikiwa ya chuma gani, lazima ijisokote kidogo. Swali ni kidogo kiasi gani." Akaandika huku akisema. "Chukua nguvu ya kusokota. Izidishe kwa urefu, maana shafti ndefu hujisokota zaidi. Halafu gawanya kwa ugumu wa chuma, na ugawanye tena kwa unene. Lakini unene si mara moja. Unauzidisha kwa wenyewe, mpaka uwe umeandikwa mara nne. Ndiyo maana shafti ukiifanya nene mara mbili, msokoto haupungui mara mbili. Unapungua mara kumi na sita."

"Mara kumi na sita?"

"Fundi akikosea kidogo kwenye unene, amekosea sana kwenye msokoto." Akabonyeza simu yake, akaandika jibu. "Digrii tatu na kitu."

Nasike akautazama ubao. Tatu ilionekana nyingi. Kama Wabwile alikuwa amekata chuma chembamba, basi Nderitu alisema kweli, na safari ya Bungoma ilikuwa ya bure.

"Nani alipima hii ishirini na tano?" Wakiuru akauliza.

"Konstebo wetu. Alipima kwenye ncha."

"Ncha gani?"

Nasike akainua kipande kifupi. Akaona kile ambacho angekiona mapema kama angekuwa fundi: mwisho kabisa, inchi chache tu, shafti ilikuwa imepunguzwa unene ili ncha ikae kwenye beringi tu, bila kubeba mzigo. Wakiuru tayari alikuwa ameshika kipimo. Akakibana katikati ya kipande kirefu, akamgeuzia Nasike asome mwenyewe.

"Thelathini na tano," Nasike akasoma.

"Rudia basi. Mara nne, usisahau."

Nasike akabonyeza simu mwenyewe, Wakiuru akimsimamia begani kama mama anayemfundisha binti kukoroga ugali. Jibu lilipotoka alilisoma mara mbili.

"Sufuri nukta nane nne. Haifiki hata digrii moja."

"Unajua hiyo ni ndogo kiasi gani? Mshale wa dakika kwenye saa ya ukutani huenda digrii sita kwa dakika. Hii ni mshale umesogea sekunde nane tu. Na ukizima injini shafti inarudi ilivyokuwa, kama hakuna kilichotokea. Kuifanya ibaki imesokotwa, ungehitaji nguvu zaidi ya mara kumi ya hiyo injini. Na injini inaivuta shafti kwa nini?"

"Kwa belti."

"Kinu kikikwama, belti inafanya nini?"

"Inateleza," Nasike akasema. "Inateleza, inalia, inatoa moshi. Nimeisikia tangu utoto."

"Basi. Huyo fundi wako amekata shafti ya kutosha na kubaki."

Nasike alichukua taulo ya kufutia mikono iliyoning'inia mlangoni, yenye mstari wa bluu ukingoni. Akampa Wakiuru ncha moja. "Shika, usiachilie. Wewe ni kinu. Mimi ni injini, nazunguka kama mshale wa saa." Akazungusha, kisha akauinamisha uso karibu na taulo, akaulinganisha mstari wa bluu na mstari mwekundu wa kwenye chuma. Akafungua, akazungusha kinyume, akalinganisha tena.

Mara ya pili, mistari miwili ililala pamoja kama ndugu kitandani.

"Nani alikufundisha hiyo?" Wakiuru akauliza.

"Mke wa mshtakiwa."

*

Mzee Nderitu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kinu chake, kofia magotini. Alipomwona Nasike hakusimama.

"Umeshamwachilia mtu wenu?"

"Mtu wetu yupi, mzee?"

"Si wewe ni Mbukusu na yeye ni Mbukusu. Sisemi kitu kibaya. Nasema tu kile kila mtu anasema."

"Chuma haina kabila, mzee. Niwashie injini."

Nderitu alimtazama, akavaa kofia, akaingia. Chumba cha injini kilitenganishwa na chumba cha kinu kwa ukuta wa matofali, ili moshi usiharibu unga, na ndiyo sababu shafti ikawa ndefu vile. Mzee alihangaika na injini sana. Ilikohoa, ikakataa, ikakohoa.

"Ilianza lini kusumbua?" Nasike akauliza.

"Haijawahi kusumbua. Nilikuwa Cheptais kwa mazishi ya rafiki. Niliiacha inafanya kazi, nikarudi nikakuta damu sakafuni na kijana wangu hospitalini." Akafuta mikono yenye mafuta kwenye suruali. "Huyo Ngige nimemlea tangu babake afe. Unafikiri nafurahia kufunga mtu? Nataka tu mtu aseme ni kwa nini."

Injini ikashika mwishowe. Nasike alisimama nyuma yake, akaangalia gurudumu. Lilizunguka kama mshale wa saa. Shafti ya Wabwile ilikuwa imesokotwa na kitu kilichozunguka kinyume.

Aliashiria izimwe. Kisha akauliza, "Belti iko wapi?"

"Pale kwenye msumari. Mimi sijaigusa."

Belti ilining'inia ukutani, imekunjwa vizuri. Nasike aliishusha. Haikuwa na alama ya kuungua wala ya kuteleza. Lakini ilikuwa na vumbi jeupe la unga, na vumbi lilikaa hata upande wa ndani, ule unaoshikana na gurudumu. Akapitisha kidole, akamwonyesha mzee.

"Belti ikiwa kazini, upande huu hung'aa. Unga haupati nafasi ya kukaa. Hii ilikuwa kwenye msumari wakati kinu kinasaga."

Nderitu aliitazama ile ncha ya kidole.

Nje, bibi mmoja alikuwa amefika na ndoo ya mahindi kichwani. Aliitua, akauliza kama kinu kimepona.

"Bado, Jepkorir," Nderitu akasema kwa upole. "Pole. Umetembea bure."

"Si bure. Nimenyoosha miguu."

Nasike alimsaidia kukaa kwenye ngazi, akakaa karibu naye. "Kogo, nyanya yangu, wewe ulikuwa hapa siku shafti ilivunjika?"

"Foleni ilikuwa mpaka barabarani. Mimi nilikuwa mbele, kwa sababu ya uzee. Walinisogeza." Bibi akatabasamu. "Watu wa hapa wana adabu."

"Unga wako ulipata?"

"Nilipata. Lakini ulikuwa chenga. Nilipika ugali, mjukuu akauliza kama nimepika kokoto. Nikapea kuku. Kuku walinishukuru sana."

Nderitu aliinua kichwa. "Kinu changu hakisagi chenga."

"Siku hiyo kilisaga."

"Kwa nini, kogo?" Nasike akauliza.

Bibi alianza kuchagua mahindi ndani ya ndoo, akitupa mawe yasiyokuwapo. "Uliza kinu. Hapa hakuna mtu aliona kitu. Tulikubaliana."

"Mlikubaliana kina nani?"

"Foleni."

Nasike hakumsukuma. Alisubiri, akamsaidia kuchagua mahindi. Halafu akasema taratibu, "Kuna fundi wa Bungoma yuko ndani kwa sababu ya hiyo shafti. Jumatatu anaenda kortini. Ana mke anayempelekea uji."

Mkono wa bibi ukasimama. "Fundi gani? Sisi tuliambiwa ni chuma tu imevunjika. Hakuna aliyetuambia kuna mtu amefungwa." Alimtazama Nderitu, kisha Nasike. "Mimi nimezeeka, siwezi kubeba hiyo. Wewe nenda umuulize Ngige mwenyewe. Lakini usimpigie kelele. Alifanya kwa sababu yetu."

Nasike akainuka. Nderitu alikuwa tayari ameshafunga mlango wa kinu.

"Nakuja," mzee akasema. "Nataka kusikia kwa masikio yangu."

Kabla ya kuondoka Nasike aliiweka ndoo ya bibi kwenye gari, na bibi pia, akawapitisha kwenye kinu kingine kilichokuwa njiani.

*

Hospitalini Kitale, Ngige alikuwa amelala karibu na dirisha, mkono wa kulia kwenye plasta kutoka bega hadi vidole. Alipomwona Nderitu alijaribu kukaa. Alipomwona Nasike akaacha.

"Usiamke," Nasike akasema. Akavuta kiti. "Vidole vinacheza?"

Ngige alivichezesha kidogo. "Daktari anasema vitapona. Nitasaga tena."

"Vizuri. Sasa nitakueleza kitu, na wewe usiseme chochote mpaka nimalize. Nikikosea utanikosoa." Akaweka mikono magotini. "Ile shafti imesokotwa kwa nguvu zaidi ya mara kumi ya injini yenu. Tumepiga hesabu. Imesokotwa na kitu kinachozunguka kinyume cha injini. Belti ilikuwa kwenye msumari. Unga ulitoka chenga. Katika Saboti yote, ni kitu gani kina nguvu hiyo, kinakuja chenyewe kwa magurudumu, na nyuma yake kuna ncha inayozungukia upande huo?"

Ngige alifumba macho.

"Trekta," akasema.

Nderitu akashika chuma cha kitanda.

"Ya nani?" Nasike akauliza.

"Ya Kiragu. Lakini yeye hana makosa, mimi nilimwita. Alikuwa analima shamba la jirani." Maneno yakaanza kutoka yenyewe, kama unga ukishafunguliwa. "Injini ilikataa asubuhi. Foleni ilikuwa imefika barabarani, mvua inakuja, wengine walikuwa wametoka mbali. Kulikuwa na mama amebeba mtoto mgonjwa. Ningewaambia warudi nyumbani walale njaa? Nikatoa belti, nikatoa gurudumu lake, tukafunga trekta moja kwa moja kwenye shafti. Nikaachanisha kidogo mawe ya kinu ili foleni iende haraka. Ndiyo maana ilikuwa chenga. Ilisaga vizuri tu. Halafu kulikuwa na bolti ndani ya gunia la mtu. Ikaingia kati ya mawe. Kinu kikasimama."

"Na trekta haikusimama."

"Trekta haijui kusimama. Niliona ule mstari mwekundu unazunguka, unazunguka. Nikakimbia nimwambie Kiragu azime. Ndio ikanipiga."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya amelala.

"Nilipoamka waliniambia mzee amepeleka fundi polisi," Ngige akaendelea. "Nikasema, nikisema ukweli, mzee atanifukuza, na Kiragu atashikwa, na wale akina mama wataitwa mashahidi. Nikaambiwa fundi ataachiliwa tu, ni maneno. Kila siku nikasema kesho nitasema."

"Ngige," Nderitu akasema. Hakupaza sauti. "Una simu. Nilikuwa Cheptais, si mbinguni. Ungenipigia tu, bana. Ningekwambia uwasagie."

Kijana akageuza uso dirishani, machozi yakamtoka upande mmoja.

Nasike akasogeza kiti karibu. Kisha akamweleza, polepole na bila kuficha, kwamba ataandika maelezo upya, kwamba sheria itakuwa na maneno naye kwa kunyamaza, na Kiragu pia, lakini hakuna hakimu atakayesahau ile foleni wala ule mkono. Nderitu akasema atakuwepo siku hiyo, na kwamba malalamiko yake dhidi ya fundi anayaondoa sasa hivi, mbele ya Inspekta. Nasike akatoka nje kidogo, akampigia mkuu wake, akaongea kwa muda, zaidi akieleza kwa nini thelathini na tano ni tofauti na ishirini na tano. Aliporudi mlangoni alikutana na Agneta, leso nyingine kiunoni, chupa ya kijani mkononi.

"Madam? Hata wewe una mgonjwa hapa? Mimi wamenizuia nje mpaka saa ya kuona wagonjwa ifike."

"Huyu ndiye mtu wako?"

"Ndiye." Agneta alishusha sauti. "Usimwambie mimi ni nani. Anajua tu natoka kanisani. Mama yake alishafariki, hana wa kumletea. Wabwile ndiye aliniambia. Alisema, uji wangu ugawe mara mbili, huyo kijana ameumizwa na kazi ya mikono yangu."

Nasike akamshika mkono, akaingia naye.

"Ngige," akasema, "unajua huyu mama anatoka wapi?"

"Ni wa kanisa."

"Ni mke wa Wabwile. Fundi wa shafti."

Ngige alitazama chupa ya kijani. Alitazama kikombe kilichokuwa juu ya kabati, alichokunywea siku zote hizo. Alianza kusema kila kitu upya, trekta na chenga na bolti na foleni, safari hii kwa Agneta, kwa haraka, bila kuachia pumzi, na Agneta alimsikiliza akiwa amesimama, chupa kifuani, mpaka mwisho.

"Kwa hivyo chuma yake ilikuwa nzuri," akasema.

"Ilikuwa nzuri, mama. Ilijikaza sana."

Agneta akamgeukia Nasike, na Nasike akatikisa kichwa kukubali. "Analala nyumbani leo. Nimeshaongea na mkuu. Nikitoka hapa nakwenda kumfungulia."

Agneta alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alipangusa macho kwa leso, akavuta pumzi, akafungua kifuniko cha chupa. Mvuke ukapanda. Akamimina kikombe kikajaa, akakiweka kwenye mkono wa kushoto wa kijana.

"Sasa hutaniletea tena," Ngige akasema.

"Nani amesema? Wabwile atataka kuja kukuona mwenyewe. Kinu chenu kinataka shafti mpya, naye ataipiga mstari, na safari hii ni wewe utashika uzi upande ule mwingine, na huo mkono mzuri." Akasimama, akarekebisha leso kiunoni, maana chupa ya bluu ilikuwa bado inangoja kwenye benchi la nje. "Kunywa upesi, nisichelewe. Kesho unataka uji wa wimbi ama wa mahindi?"

Ngige alifikiri. "Wowote tu, mama."

"Basi ni wimbi," Agneta akasema. "Wa mahindi nimesikia ulisaga chenga."